Mbwa Niliyemchukua kwa Utani

Niliishia darasa la tatu. Nasema hili mapema ili msomaji asitafute maneno makubwa humu. Nilicho nacho, kuanzia mashine ya kukoboa na kusaga pale Chanzuru hadi nyumba ya matofali ya kuchoma iliyo nyuma yake, nilikipata kwa mgongo wangu mwenyewe. Kwangu hakuna kitu kinacholala mchana. Kwa hiyo yule mbwa alipoanza kushindwa kuinuka, nilikasirika kabla ya kuhuzunika.

Alikuwa mbwa mchanga, hajatimiza mwaka, wa ile mbegu ya mbwa wa polisi: masikio yamesimama, mgongo mweusi, kifua kipana kama cha ndama. Nilimlisha mwenyewe. Mwenye mashine hakosi pumba wala chenga, na dagaa nilimnunulia kama ninavyomnunulia mtu. Alijaa mwili mpaka wateja wakawa wanaogopa kushusha magunia bila mimi kuwepo. Nilipenda hivyo. Halafu nikaanza kumwona anakimbia kwa kurusha miguu ya nyuma yote pamoja, kama sungura. Nikacheka. Baadaye akawa anakaa upande, paja moja limelala nje, na akitaka kusimama anajivuta kwanza kwa miguu ya mbele, anatulia, anapumua, ndipo anainua kiuno. Akitembea, kiuno kinayumba huku na huku. Wateja wakasema anatembea kama bibi harusi. Mmoja akasema kuna mtu kamtupia jiwe. Mwingine akasema kuna mtu kamtupia kitu kingine, akaniangalia usoni aone kama nimeelewa. Nilielewa. Nilimwambia apime mahindi yake aende.

"Huyu mbwa anaumwa," mke wangu alisema. "Wewe unamwita mvivu, lakini anaumwa."

"Anaumwa nini na anakula vile?"

"Mshike hapa uone."

Akamgusa mwenyewe pajani. Mbwa aligeuza kichwa akamtia meno mkononi. Hakuuma, aliyaweka tu, macho yake yakimwangalia kama anayeomba asilazimishwe. Mke wangu ndiye aliyemlea kwa maziwa. Hapo nikaacha kucheka.

Inabidi nieleze alivyofika kwangu, maana uchungu wote unaanzia huko.

Babu yangu alikuwa Mnyamwezi aliyekuja Kilosa kukata mkonge, na baba yangu kazikwa hapa hapa. Sisi na Wasagara ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wangu mimi, yule wangu hasa, ni Msagara wa Mikumi. Tulijuana vijana tukipakia magunia stesheni, na tangu hapo hatukuwahi kupeana heshima hata ya kusalimiana. Mimi kwake nilikuwa mpagazi. Yeye kwangu alikuwa nyani wa milimani. Akija kwangu anaingia mpaka jikoni, anafunua sufuria, anakula bila kunawa, anasema chakula cha Wanyamwezi hakina chumvi kwa sababu chumvi yote walibeba wakaipeleka kwa wengine. Nikienda kwake nalala kitandani kwake, yeye analala mkekani. Watoto wetu walikua wakidhani tumechangia tumbo.

Kaka yake alipofariki nilikwenda Mikumi kufanya kazi ya mtani. Nilivaa kofia ya marehemu, nikakalia kiti chake, nikawa naamuru watu waniletee chai. Jeneza lilipotaka kutoka nikalala mlangoni, nikasema halipiti mpaka wanipe changu. Waliokuwa wanalia wakacheka, na ndiyo kazi yenyewe. Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda, ndani yake mbwa jike mkubwa na watoto wake. Jike hilo mtani aliachiwa na mzungu mmoja aliyekuwa na kambi ya watalii karibu na barabara kuu, akaifunga na kurudi kwao. Nikainuka pale mlangoni, nikaingia bandani, nikambeba mtoto aliyekuwa mkubwa kuliko wenzake wote.

"Huu ndio ushuru wangu," nikasema. "Sasa nendeni mkamzike mtu wenu."

Mtani akapiga makofi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, lakini alipiga makofi. "Chukua, mpagazi, chukua. Ila hao wabovu wa kiuno. Mama yao mwenyewe akitaka kusimama mpaka aombe dua. Hicho kitakushinda, utakibeba kichwani kama babu zako walivyobeba pembe za ndovu."

Watu walishika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote. Ndiyo utani ulivyo: mtani akikuambia chakula kina sumu, unaongeza mchuzi. Nikarudi nyumbani na mbwa mapajani, naringa.

Basi, baada ya mke wangu kutiwa meno, mtaalamu wa mifugo wa Kilosa alimlaza mbwa, akaukunja mguu wa nyuma na kuunyoosha, huku kaweka vidole kwenye nyonga kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo. Akasema hana chombo cha kuona mfupa, tumpeleke Morogoro. Nilikodi pikapu. Mke wangu alikataa kukaa mbele. Alikaa nyuma na mbwa juu ya godoro kuukuu, kajifunga khanga kichwani kwa vumbi, na kila gari lilipopita kwenye shimo nilimsikia akimwambia mbwa pole.

Daktari wa Morogoro alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. "Shikamoo baba." Nikaitikia marahaba, nikadhani tutaelewana. Mbwa alipigwa picha ya eksirei, kisha yule binti akaituma kwenye kompyuta na kutuita tusogee.

"Baba, unaona hapa? Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kikae ndani ya kikombe hiki, kizunguke humo. Huyu kikombe chake hakina kina, kama kisosi. Mfupa unateleza, unatoka, unasuguana. Ndiyo maumivu yake."

"Nani kamvunja?"

"Hakuvunjwa. Kazaliwa hivyo, wanarithi. Mama yake anatembeaje? Na ndugu zake?"

Niliitazama tena ile picha. Masikioni nilisikia makofi ya mtani wangu.

Akauliza chakula. Nikamweleza kwa fahari, pumba, chenga, dagaa, mifupa ya supu. Akatikisa kichwa taratibu. "Amekua haraka mno, baba, na amezidi uzito. Nyonga mbovu halafu juu yake mzigo mkubwa."

"Binti, mimi nilikua kwa uji wa chumvi. Mbwa wangu hawezi kulala njaa."

"Sijasema alale njaa. Apungue tu."

"Amesikia," mke wangu akasema.

Sikuwa nimesikia, na mpaka leo mtu haniambii kwamba kumlisha mnyama vizuri ni kosa.

Yule binti akatueleza yaliyobaki. Ama mbwa aishi kwa dawa za maumivu na azidi kuchakaa, ama wakikate kichwa kile cha mfupa na kukiondoa kabisa. Pale palipokuwa na mfupa, nyama na makovu vingeshikana na kumfanyia kiungo kipya. Upande ulio mbaya zaidi ndio ungekatwa, mwingine wauangalie. "Lakini operesheni ni nusu ya kazi," alisema, na hapa alimwangalia mke wangu, si mimi. "Nusu nyingine ni nyumbani. Lazima autumie mguu. Asipoutumia utakauka, na atabaki hivyo maisha yake yote. Mtaweza?"

Nikasema sijawahi kushindwa na kitu.

Walimpiga nusu kaputi, ulimi ukatoka nje kama kitambaa. Tulikaa kwenye benchi nje. Mwanangu aliye Dar es Salaam akapiga simu: "Baba, mbwa anaendeleaje? Kashaingia chumba cha upasuaji?" Baada ya muda akapiga tena. Goti langu la kulia limeniuma tangu huyo mtoto yuko sekondari. Napanda ngazi za benki kwa kushika ukuta, naye kaniona. Hajawahi kupiga simu kuuliza goti. Nilimpa mama yake aongee naye.

Tulirudi na mbwa mwenye paja lililonyolewa, mshono mrefu, na shingoni ndoo ya plastiki iliyokatwa kitako ili asirambe kidonda. Nilimwekea nafasi kwenye stoo ya magunia matupu, nikaziba mlango kwa mbao asije akaruka. Baada ya mshono kukauka, mke wangu akaanza kazi aliyofundishwa: anamlaza kwa upande, anashika goti, anausukuma mguu mbele na kuurudisha nyuma, taratibu, kama mtu anayezungusha pedeli ya baiskeli kwa mkono. Mbwa analia ndani ya ndoo. Sauti ya mbwa ndani ya ndoo ni mbaya, inakuwa kama ya mtu aliye kisimani.

Nje, wateja wangu walipata burudani.

"Mzee, mbwa kashajifungua?"

"Mzee, na kuku wangu anakohoa, nimlete umwandikie rufaa?"

Haya niliyamudu, mdomo wangu nao si mfupi. Lakini mama mmoja, mteja wa siku nyingi kutoka Munisagara, hakutania. Alifunga gunia lake, akasema bila kuniangalia, "Mama yangu anaumwa nyonga. Hajainuka tangu masika. Gari la kumpeleka Morogoro hatujapata." Nikamwambia mama yake si mama yangu. Alijitwisha akaondoka, na siku hizi anasaga kwingine. Watu wanasema nilimjibu vibaya. Kila mtu amtazame mgonjwa wake kwanza. Mimi baba yangu alikufia kwenye mkeka, na hakuna aliyekuja kunisimulia habari za gari.

Lililonikera ni kwamba mguu haukushuka. Kidonda kilipona, nywele zikaanza kuota, na bado mbwa aliukunja mguu juu, anaruka kwa mitatu. Paja likaanza kukonda mpaka ukiligusa unakutana na mfupa. Kila nilipolishika nilisikia neno la yule binti, utakauka. Nilimkemea mbwa. Nilimvuta kwa kamba. Mke wangu akaninyang'anya kamba.

Mguu ukiwa juu hivyo hivyo, ndipo mtani akaja.

Alishuka na basi la asubuhi kutoka Mikumi, jembe begani, shingoni kipande cha shuka jeupe, mfano wa sanda. Alianza kulia tangu barabarani. "Jamani mwenzetu! Ametutoka kijana, hata mke hajaoa!" Wateja waliacha magunia wakamfuata. Akaruka mbao za mlangoni, akajitupa sakafuni pembeni ya mbwa, akakunja mguu mmoja juu kama mbwa mwenyewe.

"Sogea, mgonjwa mwenzangu. Nasikia huyu mpagazi kakupeleka hospitali kwa gari. Babu yake alikuja huku kwa miguu, wewe unapanda pikapu. Ukoo umepanda cheo."

Mke wangu alicheka mpaka akakalia gunia. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Morogoro. Mbwa akapigapiga mkia sakafuni. Mimi sikucheka.

"Ndugu zake wako wapi?" nikamuuliza.

"Wameoa wote. Mmoja yuko Ulaya, anasomea udaktari wa viuno."

"Nakuuliza. Ndugu zake wakoje?"

Akaniangalia, akajaribu tena. "Mnyamwezi akianza maswali, ujue kuna mzigo kausahau njiani."

"Acha utani."

Maneno hayo mawili sikuwahi kumwambia. Hata yeye hakuwahi kuniambia, hata siku ya jeneza la kaka yake. Aliteremsha mguu wake, akakaa vizuri, na kumbe bila kicheko ni mtu mzima, mashavu yameingia ndani.

"Mmoja aligongwa na lori barabara kuu," akasema. "Aliliona linakuja. Kuinuka hakuwahi. Mwingine yuko kwa jirani, anajikokota. Huyu wako ndiye mzima kuliko wote."

"Kumbe ulijua."

"Nilikuambia. Umemkumbatia, nikakuambia wabovu wa kiuno."

"Uliniambia unacheka."

"Sasa mimi kwako niseme nikilia? Umevaa kofia ya marehemu kaka yangu, umekalia kiti chake, ulitaka nikuambie kwa sauti gani?"

Wateja walikuwa mlangoni wanasikiliza. Labda wasingekuwepo ningesema kitu kingine. Nilisema, "Chukua jembe lako utoke kwangu."

Aliinuka, akajipangusa pumba kwenye suruali. Akamuaga mke wangu, "Haya, shemeji." Shuka lake jeupe lilibaki sakafuni. Alipofika mlangoni wateja wakampisha, naye akageuka, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Samahani sana, mzee."

Mke wangu alisubiri mpaka watu wakatawanyika. "Mtani hafukuzwi," akasema.

"Kanipa kilema."

"Hakukupa. Ulikichukua mwenyewe, na ulicheka."

Nilitoka nikawasha mashine. Lile shuka yeye alilifua, akalichana vipande, akawa anaviloweka kwenye maji ya moto na kumkandia mbwa paja. Nilimwona kila asubuhi anaanika sanda ya mtani wangu kwenye kamba, pamoja na soksi zangu.

Yule binti wa Morogoro tulimpigia simu. Akasema tumwingize kwenye maji, yamfike tumboni, atembee humo. Upande wa mashamba ya mpunga kuna mfereji. Nilikunja suruali, nikaingia na mbwa, mzee mzima, goti langu bovu na nyonga yake mbovu, tunapandisha maji taratibu. Wapalizi walisimama wakatuangalia. Mwanzoni aliuning'iniza mguu hata ndani ya maji. Kisha sehemu yenye mkondo ikamvuta, akasahau, akaukanyagia. Niliuona kwa macho yangu ndani ya yale maji ya tope: wayo umefunguka, unasukuma.  Nilimgeuza tukarudia pale pale penye mkondo.

Tukawa tunakwenda hivyo kila asubuhi. Huku nyumbani mke wangu alikuwa anampunguzia chakula kwa siri, nami nilijua, nikajifanya sijui. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, mbwa alikuwa anakanyaga nchi kavu. Ulipovunwa alikuwa anakimbia. Hakimbii kama mbwa wengine, anaenda upande kidogo kama baiskeli iliyopinda rimu, lakini anakimbia, na mwizi hatapata nafasi ya kuangalia rimu.

Nikasema sasa niende Mikumi. Sikwenda kuomba radhi, hilo lieleweke. Nilikwenda kumwonyesha mbwa. Nilipanda mbele kwenye gari la mtu, mbwa nyuma, na njia nzima nilitengeneza matusi. Nilipanga nikifika nisimame uani niseme: nyani wa milimani, nimekuja kumchukua na mama yake, maana nimegundua kwenu hata mbwa hawajui kuzaa mpaka Mnyamwezi awarekebishie. Niliyarudia mpaka nikacheka peke yangu. Dereva akaniuliza nini, nikamwambia endesha gari.

Mtani alikuwa uani anachonga mpini. Aliponiona aliuweka chini, akaingia ndani, akatoka kavaa shati. Akaja mpaka getini.

"Shikamoo, mzee."

Sisi ni rika moja. Pengine nimemzidi msimu mmoja wa mvua, au yeye kanizidi, hakuna ajuaye. Nilisimama pale, matusi yangu yote mdomoni. Nikayasema. Niliyasema yote, nyani, mama wa mbwa, kurekebishiwa uzao. Yeye akatabasamu kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni rasmi.

"Ni kweli, mzee. Mtusamehe. Karibu kiti."

Alinipa kiti chenye kitambaa mgongoni. Wakaniletea maji ya kunawa, binti yake kapiga goti, sabuni kwenye kisahani. Chakula kikaja kimefunikwa. Nilisema hakina chumvi. Mkewe akaomba radhi, akaniletea chumvi.

Mbwa wangu alikuwa anazunguka ua. Mama yake alijitoa bandani kumwona, akajivuta kwa miguu ya mbele, akatulia, akapumua. Kiuno kilikataa. Alibaki amekaa, naye kijana wake akawa anamzunguka mbio, anamwendea, anarudi, anamwendea, hajui kwa nini mwenzake haji.

"Amepona vizuri," mtani akasema. "Hongera, mzee. Mmefanya kazi kubwa."

Alinisindikiza mpaka barabarani, kanibebea mfuko. Mpagazi ni mimi, na mfuko kaubeba yeye. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Si kitu, mzee." Gari lilipoondoka alibaki kasimama, mikono mbele, mpaka tukapotea.

Hivyo ndivyo tulivyo mpaka sasa. Sikukuu ananitumia salamu kwa simu, ndefu, zenye adabu. Mke wangu ananisomea, nami namwambia ajibu.

Mbwa yuko mlangoni mwa mashine hivi ninavyosimulia. Wateja wameanza kumwogopa tena. Mimi umri umesogea, goti linazidi, na mawazo ya kuzikwa hayako mbali. Nilikuwa najua siku hiyo itakavyokuwa: mtani wangu angekuja na jembe, angevaa kofia yangu, angekalia kiti changu na kudai chai, angelala mlangoni jeneza lisipite, mpaka mke wangu acheke katikati ya kilio. Sasa najua atakuja na shati lililopigwa pasi. Atasaini kitabu cha rambirambi. Atakaa kwenye benchi na wageni wengine, mikono mapajani, na jeneza litapita moja kwa moja.